Hakuna Mtandao? Angalia Namba Kwanza

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Leo tunazungumzia maneno matatu ambayo karibu kila mmoja wetu ameyasikia akiwa kwenye foleni: "Hakuna mtandao leo."

Ukiambiwa hivyo unafanya nini? Unakunja karatasi zako, unambeba mtoto mgongoni, unarudi nyumbani kwa miguu. Na karani naye hana la kufanya, anatazama kioo cha kompyuta kama wewe unavyomtazama yeye. Nataka kuwaambia kwamba mara nyingi mtandao upo. Umeshafika mpaka ndani ya ofisi. Kilichokosekana ni namba, na namba hiyo hutolewa na kisanduku kidogo kilicho ndani ya ofisi hiyohiyo.

Mimi hili nililijulia Tororo. Nilikaa huko wiki chache nikijifunza kazi kwa fundi mmoja wa kompyuta. Fundi huyo alikuwa akiitwa kila mara Malaba na Busia, kwenye ofisi ndogo za mawakala wa forodha, zile zenye meza tatu, printa moja na feni. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Juba au Kigali mengi hupita hapo, na hata chakula cha mgao na mahema tunayopewa sisi mengi yamepita barabara hiyo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, lori halisimami mara mbili kama zamani, mara Kenya na mara Uganda. Linasimama mara moja. Lakini karatasi zake ziko ndani ya kompyuta, na wakala asipoingia kwenye mfumo wa forodha, lori halitoki. Dereva analala chini ya trela.

Watu wa mpakani wana jibu lao la haraka mtandao ukipotea: "Waya umekatika baharini." Si uongo mtupu. Waya wa SEACOM ulifika Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo Uganda ilitegemea satelaiti, tena kwa bei ya kuumiza. Kutoka Mombasa nyaya zinapita Nairobi, zinavuka Malaba na Busia, ndipo zinafika Kampala. Mei 2024 waya wa EASSy na ule wa SEACOM zilikatika baharini kwa wakati mmoja, na Kenya, Tanzania na Uganda zote ziliona intaneti inasuasua. Kwa hiyo bahari ina makosa yake. Ila haina makosa yote tunayoitupia.

Siku moja tuliitwa Busia, upande wa Uganda. Ofisi ina kompyuta tano. Nje kuna lori la mayai linalokwenda Kenya, na dereva amekasirika mpaka hataki kukaa kwenye kiti alichopewa. Jua la saa saba. Mayai na jua mnajua wenyewe. Mwenye ofisi akamwambia fundi, "Mtandao wa Mombasa umekufa tangu asubuhi." Fundi hakugusa chochote. Aliuliza swali moja: "Kompyuta zote tano zimekufa, au kuna zinazofanya kazi?"

Mbili zilikuwa zinafanya kazi.

Hapo hapo akasema, basi siyo Mombasa. Waya wa baharini ukikatika haumchagui Asha ukamwacha Okello. Ikiwa kompyuta mbili zinatoka nje na tatu hazitoki, tatizo liko ndani ya kuta hizi.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuielewe namba yenyewe. Kila kompyuta, simu au printa iliyo kwenye mtandao wa ofisi lazima iwe na anwani yake, kama nyumba zetu zilivyo na bloku na namba ya ploti. Inaitwa anwani ya IP. Ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.23. Katika ofisi ndogo, tatu za mwanzo ni kama bloku na ya mwisho ni nyumba. Zile zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Ndiyo maana kompyuta ya Busia na ya shule moja Kakuma zinaweza kuwa na namba ileile na zisigombane, kama vile Bloku 3 ipo katika kambi nyingi na hakuna anayepotea.

Ugomvi huanza namba moja ikipewa wawili ndani ya mtandao mmoja.

Zamani mtu alipita kompyuta moja baada ya nyingine akiandika namba kwa mkono. Mwaka 1993 ulitangazwa utaratibu wa kuzigawa zenyewe, unaitwa DHCP. Herufi hizo nne zisikutishe. Chukulia tu kwamba ni karani wa tokeni, yule anayekaa mlangoni siku ya mgao. Karani huyu anaishi ndani ya ruta, kile kisanduku chenye taa zinazopepesa. Kompyuta inapowashwa, mazungumzo huwa hivi:

(Sauti mbili.)

KOMPYUTA: Hodi! Mimi mgeni. Kuna mtu anayetoa namba hapa?

KARANI: Nipo. Nina 192.168.1.23. Unaitaka?

KOMPYUTA: Naitaka hiyohiyo.

KARANI: Haya, ni yako mpaka kesho saa kama hizi. Ukitaka kutoka nje, mlango ni 192.168.1.1.

(Mwisho wa sauti mbili.)

Yote hayo humalizika kabla hujapepesa macho mara ya pili. Lakini rudi usikilize tena, kuna mambo mawili yamejificha humo. La kwanza, kompyuta imepiga hodi kwa wote. Haimjui karani kwa sura. Yeyote atakayejibu kwanza, kwa kawaida ndiye atakayeaminiwa. La pili, namba ni ya kuazima. Ina muda wake, na muda ukiisha bila kuongezwa inarudi kwa karani apewe mwingine. Karibu kila tatizo nililoliona Busia na Tororo lilitoka kwenye mojawapo ya mambo hayo mawili.

Turudi kwa mayai. Fundi alikwenda kwenye kompyuta iliyokufa, akaiuliza namba yake. Ikasema 192.168.0.14. Akaenda kwenye ile inayofanya kazi. 192.168.1.31. Umeiona tofauti? Moja iko bloku sifuri, nyingine bloku moja. Ofisi moja, waya mmoja, bloku mbili. Akaniambia, "Hapa kuna makarani wawili. Tafuta wa pili."

Nikapiga magoti chini ya meza. Nyuma ya ndoo ya takataka nikakuta kisanduku kidogo cha waifai, cheusi, kinawaka taa. Kijana wa ofisi alikuwa amekileta kutoka nyumbani jana yake ili simu yake ipate waifai. Hakuwa na nia mbaya. Alichomeka waya kwenye tundu lililokuwa wazi, mambo yakakubali, akaenda zake. Hakujua kwamba kisanduku kile nacho kina karani ndani, na kwamba asubuhi kompyuta zikipiga hodi, karani wa chini ya meza alikuwa anawahi kujibu kuliko karani halali. Alizipa kompyuta tatu namba za bloku yake na kuzionyesha mlango wake, na mlango huo hauendi popote.

Busia penyewe pako hivyo, ukifikiri. Unasimama upande wa Uganda, simu inashika mnara wa Kenya, unapata ujumbe wa kukukaribisha nchi ambayo hujaingia. Simu haina kosa, imemsikia aliyepaza sauti zaidi.

Tulichomoa waya wa kisanduku kile. Kwenye zile kompyuta tatu tukaomba namba upya. Dakika tano. Mwenye ofisi alikuwa ameshapiga simu mara nne kwa kampuni inayomuuzia intaneti, akiwatukana. Lori lilivuka jioni ile.

(Muziki mfupi.)

Kwa nini nawasumbua na habari za ofisi za watu wa mpakani? Kwa sababu sisi nasi tuliwahi kuwa na kompyuta tano, katika chumba cha vijana kambini kwetu, kabla sijakwenda Tororo. Asubuhi moja mtandao ulipotea kwenye tatu kati yake. Tulichanga pesa, kila mtu kidogo, tukamlipa mtu aliyesema anajua. Alitazama kidogo akasema kompyuta zina virusi, zinahitaji kusafishwa na kuwekwa Windows mpya. Tukakubali. Akasafisha. Ndani ya kompyuta hizo kulikuwa na barua za vijana kumi na mmoja wanaoomba udhamini wa masomo, pamoja na picha za vyeti vyao ambavyo wengine walivipiga kabla ya kukimbia, na vyeti vyenyewe viliungua huko nyuma. Hakuna aliyekuwa na nakala nyingine. Na baada ya kusafishwa, kompyuta ziliwaka vizuri, nzuri kabisa, na mtandao bado haukuwepo.

Ninaposimulia haya sijui kama ilikuwa karani wa pili au kitu kingine. Hatukuangalia namba. Hatukujua kwamba ipo. Ndiyo maana sasa naomba uchukue kalamu, na kama huna, hifadhi nakala hii.

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kitatokea kidirisha. Andika cmd kisha bonyeza Enter. Utaona kioo cheusi. Usiogope, hakiharibu kitu. Andika ipconfig, bonyeza Enter tena. Tafuta mstari ulioandikwa IPv4 Address, na chini yake ule ulioandikwa Default Gateway. Wa kwanza ni namba yako. Wa pili ni mlango wa kutokea. Ziandike kwenye karatasi. Kisha nenda kwenye kompyuta inayofanya kazi, fanya vilevile, uzilinganishe. Usipofanya jambo lingine lolote katika haya ninayosema, fanya hilo.

Kama namba inaanza na 169.254, maana yake kompyuta ilipiga hodi na hakuna aliyejibu. Hiyo namba imejipa yenyewe, kama mtu aliyejiandikia tokeni kwa peni. Haimfikishi popote. Hapo anza na vitu vya kushika kwa mkono: waya umeingia mpaka mwisho? Taa ndogo kwenye tundu la waya inawaka? Panya hajautafuna? (Msicheke. Tororo tuliukuta umetafunwa.) Ruta imewashwa? Sehemu ambazo umeme unakatika na kurudi, mara nyingi kompyuta yenye betri inabaki macho wakati ruta imezimika, au inaamka haraka kuliko ruta, inapiga hodi karani akiwa bado amelala. Waya ukiwa mzima na ruta imeshaamka, rudi kwenye kioo cheusi, andika ipconfig /release, Enter, halafu ipconfig /renew, Enter. La kwanza linarudisha namba uliyonayo, la pili linaomba upya.

Kama namba yako ni ya bloku tofauti na ya wenzako, unamjua mkosaji. Tafuta kisanduku cha ziada. Kikipatikana, usikitupe, kinaweza kusaidia. Fundi wa Tororo alikuwa anaingia ndani ya mipangilio ya kisanduku, anamzima karani wake, na kukipa namba ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Baada ya hapo kinabaki kutoa waifai tu, na kazi ya kugawa namba anabaki nayo karani mmoja.

Kama kompyuta inalalamika kwamba namba yake inatumiwa na mwingine, chunguza printa kwanza. Printa nyingi zimepewa namba kwa mkono na mtu aliyeondoka zamani, na namba hiyo iko katikati ya zile ambazo karani anagawa. Karani hajui, siku moja anampa mtu mwingine. Siku hiyo printa inachapa, inakataa, inachapa. Kuna ofisi Tororo waliamini printa yao imelogwa, wakainunulia mwenzake. Dawa ni kuipa printa namba iliyo nje ya zile za kugawa, au kumwambia karani aiwekee namba hiyo akiba. Ruta nyingine za bei nafuu nazo husahau daftari lao umeme ukikatika: zinaamka hazikumbuki nani ana namba gani, zinaanza kugawa upya wakati wenye namba za jana bado wapo.

Na kuna lile la simu kugota kwenye maneno "Inapata anwani ya IP" na kuishia hapo. Wakati mwingine ni umbali au neno la siri. Lakini kama simu za waliofika asubuhi zinafanya kazi na za waliofika mchana hazipati kitu, basi tokeni zimeisha. Karani amewekewa namba mia moja, kila anayepita mlangoni simu yake inachukua moja, na hata akiondoka namba inabaki kwa jina lake mpaka kesho. Chumba cha mapokezi cha wakala mmoja Malaba kilikuwa hivyo: madereva wanaingia na kutoka mchana kutwa, kila mmoja na simu mbili. Kufikia saa tisa wafanyakazi wenyewe hawana namba. Fundi alipunguza muda wa kuazima kutoka siku nzima hadi saa moja, akaongeza idadi ya namba, na wageni akawatengea mtandao wao. Intaneti waliyokuwa wananunua haikuongezwa hata kidogo.

Na kama namba yako ni ya bloku sahihi, na bado hutoki? Andika ping, acha nafasi, halafu ile namba ya mlango uliyoiandika kwenye karatasi. Mlango ukijibu, andika ping 8.8.8.8, hiyo ni mashine ya Google iliyo nje kabisa, na kwa kawaida inajibu. Kama mlango unajibu na nje hakujibu, hapo sasa ndipo unapoweza kumpigia simu anayewauzia intaneti, na ukampa maelezo ambayo hawezi kuyazungusha. Hapo hata Mombasa unaweza kuishuku.

(Muziki mfupi.)

Maonyo mawili, na haya nayasema polepole. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo cha kuingiza pini. Usikiguse. Watu wanadhani ni cha kuwasha upya, kumbe ukikibonyeza kwa sekunde kadhaa kinafuta mipangilio yote, pamoja na ile iliyowekwa na kampuni ya intaneti, na ofisi nzima itakaa gizani mpaka wao waje. Kuizima ruta kwa swichi na kuiwasha baada ya dakika moja inatosha, tena kwa ruhusa ya mwenye ofisi, maana unamkatia kila mtu. La pili, kompyuta ya ofisi ya kusajili watu au ya hospitali si ya kuijaribia. Mle mna majina yetu na alama zetu za vidole. Hata ukijua, acha wenyewe waguse.

Lakini kuuliza unaweza. Mama uliyetembea saa mbili kufika dirishani, ukiambiwa hakuna mtandao, muulize karani kwa upole: "Samahani mwanangu, ni kompyuta zote, au ni hii tu?" Akisema ni hii tu, mwombe akusaidie kwa ile nyingine, na umpe nakala hii ampelekee fundi wao.

Wale vijana kumi na mmoja, kwa sababu najua mtaniuliza. Saba waliandika barua zao upya, usiku, kwa simu, mwisho wa kupokea maombi ukiwa karibu. Wanne hawakuandika, kwa kuwa bila picha za vyeti hawakuwa na cha kuambatanisha. Mmoja wao sasa ndiye anayetunza chumba kile cha kompyuta. Ukutani, juu ya ruta, amebandika karatasi yenye namba ya mlango, namba ya printa, na namba zinazogawiwa, kutoka 50 hadi 199. Chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba hakuna kufuta kompyuta yoyote kabla ya kunakili mafaili yote kwenye flashi.

Kipindi kijacho atakuja hapa studio kutuonyesha namna ya kuhifadhi picha za vyeti mahali ambapo kompyuta ikiharibika havipotei. Leteni maswali yenu mapema kwa wanaogawa nakala.

(Muziki wa kufunga.)